Moyo wa Anti Mukonyo haukuuma

Ciku uko? Nina habari ya kushtua. Ni Anti Mukonyo, yule wa duka la mitumba hapo Kiganjo.

Tangu Jumatatu alikuwa anachoka ovyo. Akibeba nguo kidogo tu anakaa chini, jasho linamtoka kama amenyeshewa. Unajua ako na kisukari miaka kumi na mbili sasa. Akajiambia ni sukari imeshuka, akawa anakunywa soda. Soda, Ciku! Siku nne!

Leo asubuhi bwanake, Kimanzi, akampima kwa lazima. Sukari ilikuwa kumi na tisa, imepanda vibaya! Wakakimbia hospitali, akawekewa zile nyaya za kupima moyo. Daktari akaangalia karatasi, akamuuliza, "Mama, kifua kilianza kukuuma lini?"

"Hakijawahi kuniuma."

"Ulipata mshtuko wa moyo. Pengine Jumatatu."

Hakijawahi kuuma, Ciku, hata kidogo! Anti akakasirika, akasema hiyo karatasi ni ya mtu mwingine, akashuka kitandani kutafuta viatu.

Ndio daktari akakaa kando yake, akamweleza polepole. Kisukari kikikaa sana kinaziba mishipa ya moyo, na kinaharibu pia neva za kusikia maumivu, kwa hivyo moyo unaweza kuumia na mwenyewe asisikie chochote.

Anti akarudisha chini kiatu kimoja alichokuwa ameshika. Akakubali kulazwa.

Halafu akaweka mkono kifuani, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Daktari, na saa hii moyo unauma?"