Siku Tatu za Baba

Alhamisi, Makorora

Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo linaloniudhi.

Leo kreni imepandisha tangi la maji juu ya ghorofa jipya kwa dakika ishirini tu. Baba aliipanga kazi hiyo siku tatu. Alipima ardhi na kuuliza majirani, mpaka bibi mmoja akamwonyesha palipofukiwa shimo la choo cha zamani. Mguu wa kreni ungekanyaga hapo hapo na kuzama, kreni ikawaangukia vibarua. Baba akaisogeza.

Nilipotoka shule nilimpelekea chakula, nikamkuta mkandarasi akicheka.

"Mzee Salimu, dakika ishirini! Siku tatu ulikuwa unachora maua? Safari ijayo nakulipa siku moja."

"Basi tafuta mtu wa siku moja," Baba akajibu kwa upole. "Mimi siwezi."

Hatujui kama ataitwa tena. Naogopa, kazi nyingine hana. Nilitamani kumtetea, lakini nikamkabidhi Baba chakula chake tu.

Nikawatazama vibarua waliokuwa wakila pembeni. Walikuwa kumi na mmoja, wote wazima, wakimtania mama lishe kwamba maharage yake hayana chumvi.