Utafiti Umebaki Wodini Kwetu

Wodi ya Watoto, Ghorofa ya Pili
Jumamosi, tarehe 14

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi je? Watoto wazima? Mgongo umepoa, au bado unajifanya kijana wa kubeba makabati? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini kelele zake ziko palepale.

Kaka, kaa chini kwanza. Nimechaguliwa! Mdogo wako ndiye atakayeongoza utafiti wa nimonia kwa watoto, na ndiye atakayewafunza madaktari wawili chipukizi kutibu na kutafiti kwa pamoja. Miaka yote viongozi wametoka ng'ambo: mtu anakuja wiki mbili, anaondoka na madaftari yetu. Ningeshindwa kwenye usaili juzi, mambo yangeendelea vilevile, nami ingenibidi niwafuate huko kujifunza au niache.

Na nusura niharibu! Siku nne kabla ya usaili niligundua kwamba watoto mia moja na tisa tuliwahesabu pumzi wakiwa wananyonya. Mtoto akinyonya, pumzi hubadilika, kwa hiyo hesabu hiyo haifai kitu. Muuguzi alikuwa akisubiri wanyamaze, na njia ya kumnyamazisha mtoto unaijua. Nani alimwagiza? Mimi! Nilimwambia tu ahakikishe hawalii.

Nikamkimbilia Bi Kwanini, daktari wetu mkuu aliyenilea kikazi. Tumempa jina hilo kwa kuwa hakuna jibu linalomtosha. Nilitaka aniambie ninyamaze.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akasema. "Waambie wao."

Nilimchukia siku nzima, sikufichi.

Basi nikawaambia wasaili wote saba, jasho linanitiririka mpaka viatuni. Nikasema hesabu zote zile tumezifuta, na sasa tunasubiri mtoto ashibe, atulie, ndipo tunahesabu dakika nzima. Bi Kwanini alikuwemo, anaangalia dirishani, wala hakunitetea. Mzee mmoja akauliza nani aliligundua kosa. Nikajibu, mimi na muuguzi, kando ya kitanda cha mtoto.

"Aliye mbali angelijua lini?" akawauliza wenzake.

Wacha wee! Nililia mbele za watu wazima.

Nje, Bi Kwanini alinikumbatia, kisha akaanza kunikanya: wanafunzi wangu wakikosea, nisiwasemee, wajisemee wenyewe. Mficha uchi hazai, akaniambia.

Leo nimejaza fomu za wale madaktari wawili nitakaowafunza. Penye nafasi ya mahali pa mafunzo, miaka yote tumekuwa tukiandika miji ya watu huko ng'ambo. Mimi nimeandika wodi yetu. Kwa haraka yangu nikaichafua fomu kwa wino. Nikaomba nyingine, nikaandika tena, polepole, kwa raha zangu.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wifi, na wanangu uwabusu, hasa kitinda mimba. Mungu akufunike huko uliko, akuletee riziki ya halali na usingizi mzuri.

Wako akupendaye hata ukichelewa kujibu,
mdogo wako, Kibibi