Hoja ni Zangu, Sauti ni ya Mwalimu: Nisimame Mwenyewe?

Kaka mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua uani kwa mteja, nasubiri gundi ya bomba ikauke, na nakusihi unijibu Jumamosi hii kwa sababu kikao ni Ijumaa itakayofuata, na nikikosea siku hiyo sijui kama nitajisamehe. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, nina mume, mabinti wawili na mjukuu mmoja, ni fundi bomba kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na tangu uchaguzi uliopita ni diwani wa eneo letu, watu walinipigia kura wakisema angalau huyu akituahidi maji anajua yanakopita.

Baraza lina madiwani kumi na wanne na mwanamke ni mimi peke yangu, na siku ya kwanza naingia ukumbini mwenyekiti akanionyesha meza ya pembeni akasema chai iko kule, nikashukuru nikidhani ananikaribisha, kumbe ananituma. Kikao cha pili karani alikuwa mgonjwa, nikapewa mimi daftari la kumbukumbu kwa sababu eti wanawake tuna mwandiko mzuri. Nikawekwa kamati ya maji, nikasema afadhali, hapa nimefika nyumbani, lakini mle ndani kuna diwani mmoja muuza mbao ambaye hajashika spana tangu azaliwe, akanieleza kwa dakika kumi, polepole, kwa mikono, kwamba maji hayapandi mlima bila kusukumwa, na wenzake wananitazama usoni kuona kama nimeelewa. Mimi nikisema jambo ukumbi unakuwa kimya, wengine wanachezea simu, halafu mwenyekiti anasema, "Haya, asante mama, sasa turudi kwenye hoja," na hoja ndiyo hiyo niliyotoka kuisema!

Aliyenitoa kwenye hilo shimo ni Mwalimu. Ni diwani mwenzetu, mzee mstaafu, alinifundisha hesabu darasa la sita, na ndiye aliyemwendea marehemu baba yangu akamwambia, "Mwache binti ashike spana, mkono wake unaitaka," bila yeye leo nisingekuwa na kazi wala hiyo ndoo ninayoikalia. Siku moja nilikuwa nimeeleza kwa nini mabomba ya soko yanapasuka kila mwezi, hakuna aliyeinua kichwa, Mwalimu akasimama akarudia maneno yangu yaleyale, wakampigia makofi. Alinifuata nje uso umemshuka, akaniambia, "Mwanangu, umewaona hawa? Mimi bomba na fimbo ya pazia sivitofautishi!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hapohapo tukapatana kwamba mimi nitaandika na yeye atasoma.

Miaka mitatu, kaka. Mabomba ya soko yalibadilishwa, shule ikapata tangi, stendi ikapata bomba la watu kunywa maji, yote kwa karatasi zangu na koo lake, na sijui nimshukuruje mtu ambaye kila mwezi anavaa koti lake la harusi kwenda kunisemea. Macho yake yamechoka, kwa hiyo namwandikia herufi kubwa, na tulikuwa na utaratibu wetu, wino mweusi ni wa kusoma kwa sauti, mwekundu ni maelekezo yake mwenyewe, tua hapa, kunywa maji, mtazame mwenyekiti, kwa sababu yeye kwa ualimu wake kitu kikiandikwa kinasomwa, kasoro chekundu tu, chekundu kwake ni masahihisho.

Sasa mwezi uliopita peni nyekundu iliniishia nikiwa kazini, nikaandika kila kitu kwa nyeusi, maelekezo nikayatia mabano, nikasema mabano atayaona. Hakuyaona. Alisimama akasoma vizuri kabisa, sauti ya kengele, "Waheshimiwa, bomba la inchi mbili litatosha kufika zahanati. Hapa kohoa, Mwalimu, kisha mkazie macho muuza mbao mpaka ainamishe kichwa."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Na muuza mbao akainamisha kichwa kweli. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini Mwalimu alivua miwani, akasubiri wacheke wamalize, akasema, "Maneno haya ni ya mwanangu huyu aliyekaa hapa. Ya leo na ya miaka yote. Mimi nilikuwa nasoma tu." Mwenyekiti akanigeukia akitabasamu, "Kumbe! Basi tumpigie makofi dada yetu kwa kumsaidia mzee na mwandiko." Wakapiga makofi, hoja ikaahirishwa.

Hoja yenyewe ni hii. Mwaka huu kuna fedha za bomba la njia moja tu, na baadhi yao wanalitaka liende bustani ya maua iliyo mbele ya ofisi ya baraza, mimi nalitaka liende chumba cha kujifungulia cha zahanati, ambacho hakina hata koki moja, kila mama anakuja na madumu yake mawili na yakiisha yameisha. Binti yangu mkubwa alijifungua mle mwaka juzi, madumu yakaisha, na mimi fundi bomba, ninayewafungia watu mabafu ya vioo, nilikimbia hatua mia tatu na ndoo ya maji ya kuomba kwa jirani ili mjukuu wangu aoshwe. Nilizihesabu wakati wa kurudi na mpaka leo sijazisahau.

Mwalimu amekuja karakana kwangu akasema safari hii nisimame mwenyewe, yeye atakaa. Nimemwomba asome mara hii moja tu, amekataa, lakini namjua, nikilia kidogo atakubali, hajawahi kuniweza nikilia. Mume wangu anasema mwache mzee asome, mradi maji yafike, mtoto anayezaliwa hataulizia ni nani alisimama. Na mimi naona ana haki. Nikisimama mwenyewe naogopa hoja itaanguka kwa sababu tu imetoka kwangu, na wanawake wataendelea kwenda na madumu kwa sababu mimi nilitaka kusikika. Tena naogopa wataona nimempanda mzee mabegani, nilipofika juu nikamtupa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Kila walipokuwa wakimpa mkono wa pongezi Mwalimu, kifua kilikuwa kinaniwaka moto, halafu najichukia, mtu gani anawaka kwa aliyemtendea mema yote haya. Wewe kama mwanaume unawajua wanaume wenzako, nishauri, nimlilie au nisimame?

Ni mimi, fundi bomba.

---

Fundi,

Kwanza kabisa, mimi ni mwanamke. Mwaka wa kumi na moja huu niko kwenye ukurasa huu, na wewe unayelia kwamba hawakusikii, ulisoma ushauri wangu, ukaona una akili, ukaamua basi lazima ni wa kaka. Mhariri amecheka hadi akamwaga chai yake. Nimekusamehe, ila ujue hata kichwani mwako muuza mbao amejipatia kiti.

Pole kwa mengine. Pole kwa chai, kwa daftari, kwa somo la maji na mlima. Mimi nimesoma maelfu ya barua, na wanaume waliochukua maneno ya mwanamke wakayatia mfukoni nimeshindwa kuwahesabu. Aliyevua miwani mbele ya ukumbi mzima akayarudisha kwa mwenyewe, na yeye ndiye anayechekwa, ni huyo wako wa kwanza kuletwa hapa mezani kwangu. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu na nimefurahi mara zote tatu. Una bahati na mzee huyo, na ni vizuri kwamba unalijua hilo.

Sasa acha kujichukia. Kifua kuwaka si kukosa shukrani. Unaweza kumpenda mtu aliyekubebea mzigo na bado ukauma meno kwamba ulilazimika kubebewa. Moto huo si wa Mwalimu, ni wa wale kumi na wawili waliosikia maneno yaleyale mara mbili na wakayaelewa mara ya pili tu.

Mumeo ni mtu mwema na amekosea. Kweli, mtoto hataulizia. Lakini mwambie haya: ile njia yenu imekufa. Wameshajua karatasi ni za nani. Mwalimu akisimama Ijumaa kusoma, watamcheka kabla hajafika mstari wa pili, watangojea kikohozi, na bomba lako litakwenda kumwagilia maua huku ukumbi mzima ukifuta machozi ya kicheko. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unachagua kati ya maji na kusikika. Hayo maji sasa yanapita kwako. Na kama Mwalimu angekuwa na macho ya kijana na peni nyekundu boksi zima, bado ningekuuliza, siku akichoka utamtafuta mzee gani mwingine wa kukuazima koo?

Basi hakuna kumlilia. Unajua hawezi kukukatalia, na kumtumia mtu mwema pale unapojua ni mdhaifu ndio utovu wa shukrani wenyewe. Nenda kwake Jumapili, yeye akae, wewe usimame, umsomee hoja yako mpaka akuambie inatosha. Akusahihishe kama alivyokusahihisha hesabu. Isizidi dakika nne. Usianze na "samahani" wala "naomba nami nichangie kidogo," kwani umekwenda pale kutembea? Hoja yenyewe ianze na hatua mia tatu. Zitaje ulivyozihesabu, na useme ndoo ilikuwa ya nani na mtoto alikuwa wa nani.

Muuza mbao akianza kukufundisha, mwache amalize sentensi moja, kisha muulize kwa adabu bomba la inchi mbili linachimbiwa kina gani barabara ya magari inapokatisha. Halafu unyamaze. Nakujua, utamhurumia utake kumjibia. Usimjibie. Na mwenyekiti akikuita dada, mwite kaka, kwa tabasamu lilelile analokupa. Atarudi mwenyewe kwenye "mheshimiwa," nakuhakikishia.

Waalike pia wakunga wa zahanati waje wakae viti vya wananchi. Wasiseme neno, waje tu na sare zao na madumu mawili matupu wayaweke miguuni. Maua hayana wa kuja kukaa kitini kwa niaba yake.

Mwalimu naye usimwache bila kazi, atasononeka. Kila kikao kinaanza kwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Hapo asimame yeye, aombe zisahihishwe kuonyesha kwamba hoja ya bomba la zahanati ililetwa na wewe, kwa cheo chako. Kusahihisha ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, na hakuna atakayemcheka akiifanya. Baada ya hapo, ukiwa unasema na mtu akakukatiza, ana maneno mawili tu ya kutamka: "Mwacheni amalize." Hayo hayahitaji karatasi.

Unaweza kushindwa, sitakudanganya. Kura ni zao na wengine vichwa vyao ni vigumu kuliko mbao za mwenzao. Ukishindwa, ilete kikao kinachofuata, na kingine tena, mpaka waione ndotoni. Hutakuwa umewanyima wanawake wale kitu, wanaowanyima ni waliopiga kura ya maua, na wewe hakikisha majina yao yameandikwa.

Umeniuliza pia, kwa kuzungukazunguka, utamshukuruje. Umemshukuru kila asubuhi moyoni mwako, na karakana, na nje ya ukumbi, na sasa kwangu gazetini. Hujamshukuru mahali pale alipokusaidia. Ijumaa, ukipewa nafasi, jambo la kwanza kutoka kinywani mwako liwe hilo: kwamba kwa miaka mitatu mzee huyu alikuwa akisimama kwa niaba yako kwa sababu ukumbi haukutaka kukusikia, kwamba alikutendea wema ambao hakudaiwa na mtu, na kwamba leo umemwomba apumzike. Sema mbele yao wote, kwa sauti yako, karani aandike. Mwalimu atatafuta leso, wengine watatazama chini. Waache.

Kisha usikae. Waambie kuhusu bomba.