Kwa Fanueli, Aliyechagua Yote Mawili

Mwaka mmoja umetimia, Fanueli, tangu ututoke, na ninasema bila woga kwamba Usambara hii nzima hakuna aliyeyaelewa masomo yako kama mimi bibi yako. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililirudia.

Ulikwenda chuo kikuu kusomea fizikia, ukaongeza na uinjinia. Mwalimu mmoja akakuambia uchague, maana kichwa kimoja hakibebi yote. Ukatuandikia barua fupi: "Bibi, nimechagua yote mawili." Uliporudi likizo nikakuuliza tofauti yake ni nini. Ukanijibu huku ukichochea kuni jikoni kwangu: "Uinjinia ni kuyapandisha maji mlimani. Fizikia ni kueleza kwa nini yamekubali."

Tunayakumbuka mazoea yako. Chai hukuinywa mpaka uipime kwa saa inapoa kwa dakika ngapi, kisha ukalalamika kwamba imepoa. Redio ya baba yako mdogo Nikodemo uliifungua ukaitengeneza, ikaimba, ingawa skrubu tatu zilibaki mezani. Na shikamoo yako haikukosekana hata ukiwa na haraka.

Kazi yako kubwa ni ile pampu ya kijijini ya mwaka 1975, inayosukumwa na maji yenyewe ya kijito bila tone la dizeli. Mwenyekiti wetu Bakari alicheka mbele ya mkutano: "Pampu bila mafuta? Mtoto huyu amesoma mpaka amepitiliza." Chuoni walikuwa wanakusubiri: maji yakipanda, umefaulu uinjinia, vipimo vikilingana na hesabu, umefaulu fizikia. Kila asubuhi ulizamisha ufito wenye alama kwenye tangi la zahanati, ukaandika daftarini. Tangi lilijaa polepole mno, na Bakari hakuacha kupita kuchungulia.

Siku ya nne ukaja kwangu umekunja uso.

"Bibi, siku tatu mfululizo maji yamezidi. Kama vipimo hivi ni kweli, basi fizikia yote ni uongo, na mimi nimefeli."

"Ni mvua," nikasema.

"Tangi lina mfuniko, bibi."

"Mume wangu, wewe mvua ya Lushoto huijui."

Ukaniangalia mimi, ukaiangalia ngata yangu ya kujitwishia iliyolowa pale mlangoni, ukasema, "Haya, ni mvua." Ukatia kufuli kwenye mfuniko, ukaanza kupima upya. Ukafaulu yote mawili. Pampu inadunda mpaka leo, na kwenye foleni ya bomba Bakari ndiye huwa wa kwanza.

Wanaokukumbuka ni mkeo Secilia, dada yako Dorkasi, baba yako mdogo Nikodemo, wote wanaochota maji yako, na mimi bibi yako Yunis. Siku zote utakuwa nasi, hata chai ikipoa.

Nilitaka niishie hapo, lakini mke mwenzangu Secilia amesema tangazo hili la kumbukumbu haliendi popote mpaka niandike na hili. Juzi alileta daftari lako la vipimo, akanisomea zile siku tatu: "Madebe manne ya bibi. Anasema mvua."

Nikaruka: "Manne tu? Kwa umri wangu huu, na mlima ule? Yalikuwa sita!"

Secilia akanigeuzia daftari nijionee. Ulikuwa umeandika sita, na chini yake: "Mwambie manne, atakusahihisha."