Kifungo Cheupe

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumai wewe na watoto hamjambo, na lile goti lako limepunguza ukorofi. Sisi huku miili ni mizima, ila mimi roho haijatulia, basi usinicheke mwandiko.

Unakumbuka wenzangu wa kiwanda cha nguo waliponichagua kuwa mwenyekiti wa chama chetu, ukanifundisha kuendesha kikao: hoja itolewe, iungwe mkono, anayetaka kusema anyooshe kidole kwanza, na mwenyekiti afunge mdomo wake, asipige kura ila zikilingana. Ulisema kufunga mdomo ndiko kutakakonishinda.

Juzi pasi iliunguza kitambaa, moshi ukajaa. Tulikimbilia mlango wa nyuma tukakuta kufuli. Mwajiri huufunga eti tusiibe vitambaa. Moto ulizimwa, lakini mama anayeshona vifungo alikanyagwa na hadi leo hapumui vizuri. Basi leo baada ya kazi tukakutana chumba cha kulia, na mkata vitambaa akatoa hoja kwamba tusiketi mashineni mpaka kufuli litolewe.

Msimamizi naye alikuja, akakaa mbele kabisa. Mpiga pasi akasimama kuhusu utaratibu, akauliza kama asiye mwanachama anaruhusiwa kuwepo. Wote wakanitazama mimi. Dada, niliogopa. Nikamwomba atoke. Alitoka akitabasamu, akasema hata akiwa nje atajua tu nani alitaka nini.

Maneno hayo yalitunyong'onyeza. Ndipo tukakubaliana kura iwe ya siri, kwa vifungo: cheupe kukubali, cheusi kukataa, kila mtu aingize ngumi yake ndani ya kopo na kuifumbulia humo. Hapo nikapumua kidogo. Tulipomwaga kopo mezani, vyeupe na vyeusi vikalingana.

Kanuni ulinifundisha mwenyewe. Nikinyamaza, hoja imeanguka, na hakuna wa kunilaumu. Lakini nilimfikiria yule mama akiwa chini ya miguu yetu. Nikanyanyua kifungo cheupe. Kura za wengine hazijulikani, yangu peke yake imeonekana, na kesho asubuhi ni mimi ninayepeleka uamuzi ofisini.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Shemeji yako, ambaye ndiye fundi wetu wa mashine, alitembea mbele yangu njia nzima tukirudi nyumbani. Tulipofika jikoni akaniambia kwamba yeye alitia cheusi. Hakuichukia hoja, aliniogopea mimi. Alidhani ikianguka nitabaki salama kwenye kiti changu. Lakini angetia cheupe, hoja ingepita bila mimi kuinua hata kidole. Sijamwambia hivyo. Nadhani hesabu ameshaipiga mwenyewe, maana tangu hapo hanitazami usoni, na viatu vyangu vya kesho amevipiga rangi mara mbili.

Naogopa, dada, sikufichi. Ukisikia lolote, njoo uwachukue wanangu, na tafadhali usimgombeze shemeji yako. Wabusu watoto, uwaambie mama mdogo anawakumbuka. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Kinda