Mkia wa Kondoo, Ghorofa ya Tisa

Jumapili, 1 Septemba

Sanzhar, mpenzi wa binti yangu Togzhan, amekuja na maua na habari. Bibi yake, aliyemlea tangu mdogo, anakuja Almaty tarehe kumi na nne kumvisha Togzhan hereni za uchumba. Mwanangu anachumbiwa! Nimecheka, kisha nikaenda jikoni kulia kidogo, bomba nimelifungua wasinisikie.

Halafu Togzhan akaniharibia furaha. Anataka tukutane mgahawani, katikati ya mji, ghorofa ya tisa, karibu na jumba la opera. Nikasema ng'o! Mgahawa wa namna hiyo ndio uliotuponza mara ya kwanza. Akavishwa hereni, picha zikapigwa, tukaletewa vyakula vidogo vidogo juu ya mawe badala ya sahani—na hakuna aliyemlisha mwenzake ini na mkia. Miezi michache tu yule mchumba wa kwanza akageuka. Hereni tukazirudisha.

Huku kwetu Wakazaki mtu akitaka kujua kama uchumba ni wa kweli haulizii pete. Anauliza: wakwe wamelishana ini na mkia wa kondoo? Wakishatiana vipande mdomoni, basi, hakuna kurudi nyuma.

Togzhan anasema yule alikuwa mhuni tu, Mama, ini lingemfanya nini. Labda. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeumwa.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekubali. Bibi ana magoti mabovu na jengo letu halina lifti. Na Sanzhar anatamani bibi yake aione milima akiwa juu, amekaa kwenye kiti kizuri, anahudumiwa. Kijana anayempenda bibi yake hivyo nitamkataliaje?

Sharti langu moja: ini na mkia viwepo. Togzhan akanibusu kwa kelele. Mjinga huyu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeonana na mpishi mkuu. Kijana, ndevu kama zimechorwa, karudi majuzi kutoka kusoma Ulaya. Ananiita "bi mkubwa". Kasema mkia nilete mwenyewe, yeye ataupika. Nikamwambia pia wahudumu wasimjazie Bibi bakuli la chai mpaka juu, atadhani anafukuzwa. Akaandika kwenye simu kana kwamba namsimulia mambo ya mwezini! Mkazaki mzima!

Jumatatu, 9 Septemba

Bibi yake Sanzhar, Kalampyr, amepiga simu mwenyewe. Sauti kavu.

"Wewe ndiye mama Togzhan?"

"Ndiye mimi, shikamoo."

Akaitikia, kisha akaniambia amesikia kuna hereni zilirudishwa. Nikasema ndiyo. Nikasikia anapuliza chai. "Haya," akasema, akakata.

Haya! Haya ya nini? Chakula hakishuki. Nimempigia kaka yangu Myrzabek, akanicheka. "Dada, anayetaka kuvunja hatumii vocha yake kukwambia." Roho imetulia kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepata mkia sokoni. Mweupe, mnono, kama mto wa kulalia mtoto. Nimeupeleka mgahawani, nikaukabidhi jikoni mkono kwa mkono. Togzhan amejaribu gauni la bluu. Marehemu baba yake angemwona! Mungu, safari hii tusaidie.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika chooni, mgahawani. Nimejifungia. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Bibi kaja na kilemba cheupe na kizibao cha mahameli, mkoba mkubwa kaukumbatia. Mhudumu alitaka kumtunzia. "Utunze wako," akaambiwa. Akatazama milima. Akasema wamejenga mpaka huko, hawana haya. Chai haikujazwa. Akamvisha Togzhan hereni za fedha. Nami nikaanza kupumua.

Kisha sahani ikaja. Ini—vipande vyembamba, vimepambwa kwa vijani. Mkia hakuna.

Nikamwita mpishi. Kaja anatabasamu! "Ile shahamu, bi mkubwa? Tumeiyeyusha. Viazi vimekaangiwa humo, vionjeni!"

Viazi! Myrzabek akaficha kicheko nyuma ya kitambaa cha kufutia mikono. Bibi akanitazama. "Mama Togzhan, mkia uko wapi?" Akasimama. Akachukua fimbo, akachukua mkoba, akaondoka mezani. Upande wa lifti. Sanzhar mbio nyuma yake. Togzhan kashika sikio lenye hereni, kama anazuia isidondoke.

Basi. Mara ya pili. Niliuleta mwenyewe mkia, nikaukabidhi mwenyewe, na bado! Mwanangu ana kosa gani? Wanja umenitiririka mpaka shingoni.

Mtu anagonga. Sifungui.

Ni Togzhan. Anaongea nje ya mlango, anacheka au analia, sijui. Bibi hakwenda kwenye lifti. Kapita mlango wa pembeni, yumo jikoni! Anamwambia mpishi kwamba mama aliyemzaa angemwonea aibu. Na mkobani ana mkia—kauchemsha kwake Kyzylorda, kaufunga kwa kitambaa, kaja nao kwenye treni, sasa anaupasha moto. Kasema migahawa ya mjini haiamini.

Kauchemsha kwake. Kumbe alitoka nyumbani keshaamua! Ile "haya" ilikuwa haya ya kukubali. Na mimi wiki nzima sili!

Fimbo inagonga sakafu. Ni Bibi.

"Mkwe! We mkwe! Umelala humo? Toka ufungue mdomo, mkia unapoa!"

Mkwe, kaniita. Mbele ya watu wote.

Nanawa uso. Rangi ya mdomo iko wapi—ah, ya nini, shahamu itaifuta yote.