Niuze gemu iliyomchekesha mama mkwe?

Mpendwa Bi Rahima, naomba unishauri upesi, kabla shemeji yangu Gozbert hajafika Jumamosi na boksi lake. Mimi ni mfiwa, naishi Kashai, mke wangu Renatha alifariki mwaka jana akaniachia binti yetu Alistidia na gemu moja, ile isiyo na pedi za kushika, ina kamera juu ya runinga inayokutazama mwili, ukiruka na mtu wa kwenye kioo anaruka, ukiinama naye anainama. Renatha aliipenda. Jioni alikuwa akitoka kumenya ndizi, anaisukuma meza kwa nyonga, anacheza, na alisema hii ndiyo gemu pekee isiyojali mikono yenye utomvu.

Mimi hainioni. Nikiruka inaniambia nisogee, nikisogea inaniambia nirudi, siku moja ilituacha wote wawili na Alistidia ikalifuata pazia. Gozbert anasema, "Shemeji, hayo ya kurukaruka yalikuwa mbinu ya kuuzia tu, dunia imesharudi kwenye pedi," naye anataka kuichukua aniletee ya pedi.

Sasa mwezi uliopita mama mkwe wangu, Ma Klaudia, alikuja kutoka Kishanda kwa misa ya kumbukumbu, na Alistidia akamsihi wacheze ule mchezo wa mtumbwi na magogo. Mimi nilijibanza mlangoni, maana unajua kwetu mtu harukaruki mbele ya mkwewe. Basi mtu wa kwenye runinga akainua mkono kusalimu, na Ma, ambaye hajawahi kumsalimu mwanamume akiwa wima, akapiga goti. Gogo likampita juu ya kichwa. Likaja lingine, naye hajamaliza salamu, likapita. Alivuka mto wote kwa magoti, akacheka mpaka kitenge kikalegea, na mimi nikacheka kule mlangoni, nyumba hii ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba.

Kisha yakatokea majina ya washindi, na Alistidia akasema, "Bibi, umempita mama."

Ma akakaza kitenge. Akasema, "Mwanangu amelala kibanjani, chini ya migomba, na mimi nacheza." Asubuhi aliondoka, akasahau hata kifurushi chake cha kahawa ya kutafuna, na hapokei simu zangu. Alistidia ananiuliza bibi amekasirikia nini. Nikiiuza gemu labda Ma atarudi, nikiiuza namuuza Renatha pia. Niambie, ni kitu cha maana hiki, au kiinimacho?

Anatory, Kashai

Anatory, pole sana. Nimeisoma barua yako nikicheka, halafu nikaacha kucheka, nadhani mwendo huo unaujua.

Kuhusu mashine, Gozbert hajakosea. Waliotuuzia walituahidi kwamba pedi zimekufa, na pedi hazijafa. Kwa anayetaka kulenga na kushinda, hii ya kamera ni adha tupu. Mwanangu Najibu, hapa Miembeni, aliipiga ngumi taa ya sebuleni akidhani anapigana ndondi. Lakini niambie, pedi ipi ingemvusha Ma Klaudia ule mto? Angeishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa na kuirudisha mezani. Kitu kilichompokea Renatha na utomvu wake, kikampokea na mama yake na adabu yake, usikiite kiinimacho, hata kama madukani hakipo tena. Usiuze.

Ila wewe unanikera. Unailaumu kamera, na pazia linapepea mbele yake. Renatha aliisukuma meza. Wewe umeisukuma? Hukuandika. Nahisi meza ipo palepale alipoirudisha mara ya mwisho, nawe unaruka nyuma yake kama mbuzi zizini. Isogeze, baba. Humkosei Renatha.

Mkweo hajakukasirikia. Alicheka, akaona amecheka mapema, na tena jina la binti yake amelishusha mwenyewe. Jambo hilo halimalizwi kwa simu. Jumamosi mwambie Gozbert abaki na boksi lake, wewe panda gari na Alistidia mwende Kishanda. Beba sukari na sabuni, na ile kahawa yake. Habari za gemu usizifungue wewe, mkwe hataniani na mkwe. Mwache mjukuu amweleze kwamba jina la mama yake halijafutika, limeshuka mstari mmoja tu, liko chini ya jina la bibi. Mtoto kukaa chini ya mama yake si kosa la mtu.

Akikubali kuja, funga pazia, washa taa, kisha uende jikoni ukamenye ndizi. Ndiyo, wewe, na wanaume wa Kashai waseme watakalo. Ukisikia wanacheka, usitoke kuangalia nani kashinda. Cheka hukohuko, na utomvu wako mikononi.